Jinsi ya kutafuta sayari za mbali kwa akili mnemba ukiwa zako Moshi au Arusha na laptopu ya kawaida

Machalii wa Arusha na Moshi, na dada zangu pia, hii naandika kwa ajili yenu mnaoniuliza kila mara kama kweli mtu anaweza kufanya mambo ya anga za juu akiwa huku huku bila darubini ya mamilioni. Anaweza kabisa. Nitakuelekeza mwanzo mpaka mwisho namna ya kutafuta sayari inayozunguka nyota nyingine kwa kutumia data halisi za NASA, alafu namna ya kufundisha modeli yako mwenyewe ya akili mnemba ikusaidie kuchambua. Ukijua Python (lugha ya kuandikia programu) kidogo tu, yaani unajua variable ni nini na list ni nini, inatosha kuanza.

Jambo moja nalisema mapema kwasababu ndo msingi wa kila kitu hapa chini: fundisha macho yako kwanza, mashine baadae. Vijana wengi wanakimbilia modeli siku ya kwanza, wanapata usahihi wa asilimia 99, wanafurahi wanaposti, na ukimwonyesha grafu moja ya nyota umuulize sayari iko wapi hapa anabaki anaangalia tu. Mashine inajifunza kutoka kwenye majibu uliyoipa, kwaiyo kama wewe hujui jibu zuri linafananaje huwezi kujua mashine imekudanganya saa ngapi.

Tunatafuta nini hasa

Sayari za mbali karibu zote hatuzioni zenyewe. Tunachoona ni mwanga wa nyota, na kama sayari ikipita katikati ya nyota yake na sisi, ule mwanga unapungua kidogo kwa masaa machache alafu unarudi kama ulivyokuwa. Huo unaitwa mpito. Kama sayari inazunguka nyota yake kila siku tatu na nusu basi mwanga utashuka kila siku tatu na nusu, bila kukosa, na kile kina cha kushuka kinakwambia ukubwa wa sayari. Mtu akiwa mbali huko akaliangalia Jua letu wakati Mshtarii, yaani Jupita, inapita mbele yake ataona mwanga umepungua kama asilimia 1. Dunia yetu ikipita atauona umepungua kwa asilimia 0.0084 tu, yaani sehemu 84 kati ya milioni moja. Ndo maana inahitajika darubini ya angani, hewa yetu inaupepesua mwanga na kitu kidogo hivyo kinapotea.

Darubini iliyofungua mlango ni Kepler. Ilirushwa Machi 2009, ikakaa inaangalia eneo moja la anga bila kupepesa, nyota kama 150,000 kwa pamoja, ikipima mwanga wao kila baada ya nusu saa hivi. Iliishiwa mafuta ikazimwa 2018 baada ya kutuletea sayari zaidi ya 2,600. Mrithi wake TESS alirushwa Aprili 2018, yeye anazunguka karibu anga lote kipande kwa kipande, kila kipande anakikodolea kama siku 27.

Eneo lile la Kepler liko kati ya makundi ya nyota ya Cygnus na Lyra, na ukitaka kuliona kwa macho yako ni rahisi. Mwezi wa nane mpaka wa kumi, kama saa mbili au saa tatu usiku, ukiwa Moshi geuka uangalie mlima. Kilimanjaro iko kaskazini ya mji, na juu yake, kama nusu ya safari kutoka kwenye upeo mpaka utosini kwako, utaona nyota kali nyeupe inaitwa Vega na nyingine upande wa kulia inaitwa Deneb. Hapo katikati ndo Kepler alikuwa anaangalia. Haikusaidii kwenye koding ila mimi napenda mtu ajue data zake zimetoka upande gani wa anga, inabadilisha namna unavyozitazama zile namba.

Na kazi hii haijali mawingu. Juni na Julai Arusha tunaweza kukaa wiki nzima hatuoni hata jua sembuse nyota, lakini data ziko kwenye seva zinakusubiri.

Andaa vifaa

Fungua akaunti ya Google kama huna, alafu ingia Google Colab kwenye broza. Ile ni kompyuta ya Google unayoitumia bure kupitia broza, unaandika Python humo na inaendeshwa kule kwao. Hili ni muhimu sana kwa mtu wa bando: ukidaunlodi data za Kepler ndani ya Colab, zinatoka seva ya NASA kwenda seva ya Google, hazipiti kwenye simu yako. Bando lako linatumika kuonyesha ukurasa na grafu tu. Kwaiyo hata laptopu yenye RAM ndogo iliyotumika inafaa. Simu pia inawezekana ila kusoma grafu kwenye kioo kidogo utaumia macho, na macho ndo tunayataka hapa.

Angalizo moja, kompyuta ya Colab ni ya muda. Ukikaa kimya muda mrefu au umeme ukikatika na ruta ikazima, inajifunga na faili zote ulizoweka humo zinafutika, inabaki notibuku yenyewe tu. Unganisha Google Drive mapema na kila kitu cha maana kihifadhi huko.

Anza na mstari huu:

!pip install lightkurve

Lightkurve ni maktaba ya Python iliyotengenezwa makusudi kwa data za Kepler na TESS. Ikimaliza kuinstoli inaweza kukuomba uanze upya, kubali, alafu endelea.

Ona sayari yako ya kwanza kwa macho

Usianze na sayari ndogo utakata tamaa. Anza na Kepler-8 b, ni sayari kubwa ya gesi iliyonenepa kuliko Mshtarii na iko karibu mno na nyota yake, ilitangazwa Januari 2010 kwenye lile kundi la kwanza kabisa la sayari za Kepler. Mpito wake unakaribia asilimia 1 kwaiyo unaonekana bila shida.

import lightkurve as lk
tafuta = lk.search_lightcurve("Kepler-8", author="Kepler", cadence="long", quarter=4)
lc = tafuta.download()
lc.plot()

Hapo utapata grafu ya mwanga ya kama miezi mitatu. Kaa nayo. Usiharakishe kwenda mstari unaofuata, ivute iwe kubwa uiangalie vizuri. Utaona mwanga unapanda na kushuka polepole, hiyo mara nyingi ni nyota yenyewe ikijizungusha na madoa yake au chombo kikipata joto na baridi, alafu utaona vijishimo vyembamba vinavyoshuka ghafla kwa umbali unaolingana. Hivyo vijishimo ndo sayari. Vihesabu, pima kwa jicho umbali kati ya kimoja na kingine, andika kwenye karatasi. Ukipata siku tatu na nusu hivi umeshaielewa kazi.

Sasa tusafishe:

lc = lc.remove_nans().flatten(window_length=401)
lc = lc.remove_outliers(sigma_lower=20, sigma_upper=4)
lc.plot()

Nieleze hizi namba maana hapa ndo watu wengi wanaua sayari yao bila kujua. Flatten inanyoosha yale mawimbi ya polepole. Dirisha la pointi 401, kwa data za kila nusu saa, ni kama siku nane, ni pana kuliko mpito kwa mbali sana kwaiyo mpito unabaki salama. Ukiweka dirisha dogo, tuseme pointi 15, programu itaona kale kashimo ka masaa matatu ni wimbi nako itakafukia. Kwenye remove_outliers ukiiacha bila maelekezo inakata pointi zilizokaa mbali na wastani juu na chini, na mpito wenye kina uko chini, kwaiyo itaifuta sayari ikidhani ni uchafu. Ndo maana nimeiambia ikate kwa ukali upande wa juu tu na chini iwe mpole.

Alafu tafuta kipindi, yaani muda wa mzunguko mmoja, kwa mashine:

import numpy as np
vipindi = np.linspace(1, 10, 10000)
bls = lc.to_periodogram(method="bls", period=vipindi, frequency_factor=500)
p = bls.period_at_max_power
t0 = bls.transit_time_at_max_power
print(p)
lc.fold(period=p, epoch_time=t0).scatter()

Hii BLS, njia ya kutafuta mashimo yanayojirudia, inajaribu vipindi elfu kumi, kwa kila kimoja inauliza nikizikunja data hivi, je nitapata shimo lenye umbo la boksi? Itakupa siku 3.52. Linganisha na ulichoandika kwenye karatasi. Ule mstari wa mwisho unakunja data zote zikae juu ya mpito mmoja, na hapo utaona shimo moja safi lenye umbo kama la herufi U. Nimeshuhudia vijana wanaona hii picha mara ya kwanza na chumba kizima kinanyamaza, kwasababu ni sayari kweli, ipo, na wameitoa wenyewe kwenye namba.

Rudia na nyota nyingine. Kepler-10 ni nzuri kwa kujipima, ina sayari ya mawe inayozunguka kwa masaa 20 tu na mpito wake ni kama sehemu 150 kwenye milioni, kwa macho kwenye grafu ya kawaida huoni kitu ila ukikunja data nyingi inajitokeza. Hapo vipindi vyako vianzie 0.5 badala ya 1, la sivyo hutaipata kamwe. Ukishazoea nenda Kepler-90, ile ina sayari nane na utaona inavyochanganya.

Jifunze na waongo

Hii sehemu ndo nayoipenda kuliko zote. Sio kila shimo ni sayari, na kwenye orodha ya ishara za Kepler karibu nusu ziligeuka kuwa kitu kingine. Mwongo mkubwa ni nyota mbili zinazozungukana, moja ikipita mbele ya mwenzake mwanga unashuka vile vile kwa kipindi kile kile. Unamjua hivi.

Angalia umbo. Sayari ni ndogo kuliko nyota kwaiyo ikishaingia mbele inakaa humo muda, shimo linakuwa na chini bapa, U. Nyota mbili zinazogusana pembeni tu zinatoa V. Hii sio sheria ya kukata shauri maana sayari nayo ikipita pembeni inatoa V, ila ikufanye usite.

Angalia mpito wa kwanza, wa tatu, wa tano upande mmoja, na wa pili, wa nne, wa sita upande mwingine. Kama kina chao kinatofautiana basi una nyota mbili za ukubwa tofauti zinapishana zamu, na kipindi halisi ni mara mbili ya ulichopata. Alafu tazama katikati ya mizunguko, nusu ya safari: kama kuna shimo jingine dogo hapo ujue ni nyota ya pili inajificha nyuma ya ya kwanza. Sayari haina mwanga wake wa maana kwaiyo ikijificha huwa hatuoni tofauti, isipokuwa zile za moto sana, na hata hapo ni kidogo mno.

Alafu piga hesabu ya ukubwa. Chukua kina cha shimo, tafuta kipeuo chake cha pili, hiyo ndo sehemu ya upana wa nyota. Kina cha 0.01 kipeuo chake ni 0.1, kwaiyo kitu kina upana wa sehemu moja ya kumi ya nyota. Kama nyota ni kama Jua, ambalo upana wake ni Dunia 109, basi hicho kitu ni kama Dunia 11, yaani saizi ya Mshtarii. Safi. Ukipata kina cha 0.09 kipeuo ni 0.3, kitu cha upana wa Dunia 33 kuzunguka nyota kama Jua, hiyo sio sayari, hiyo ni nyota ndogo. Hesabu ya darasa la chini kabisa na inaokoa wiki nzima za kazi.

Fanya hivi kwa nyota nyingi, za kweli na za uongo, mpaka ukiona grafu unajua kabla hujapiga hesabu. Hapo sasa uko tayari kufundisha mashine.

Kufundisha modeli

Kwanini tunahitaji mashine kabisa? Kwasababu ya wingi. Hakuna jopo la watu litakaloangalia nyota laki na nusu moja moja, tena kwa vipindi vyote, na yale mashimo madogo dhaifu ndo hasa yanayoachwa. Mwaka 2017 Christopher Shallue wa Google na mwanaastronomia Andrew Vanderburg walichukua ishara kama 15,000 za Kepler zilizokwisha kaguliwa na watu, wakafundishia mtandao wa nyuro, yaani programu inayojifunza kwa mifano kwa kuiga seli za ubongo, alafu wakaupeleka kwenye nyota 670 ambazo tayari zilijulikana zina sayari zaidi ya moja, uwatafutie zilizosahaulika. Ukakuta sayari ya nane ya Kepler-90, inazunguka kwa siku 14.4, mfumo ulioko miaka ya nuru 2,545 kutoka hapa. Kabla ya hapo hatukujua nyota nyingine yenye sayari nane kama Jua letu. Data zilikuwa wazi kwa kila mtu miaka yote hiyo! Mwaka 2021 watu wa NASA wakaja na mtandao wao unaitwa ExoMiner ukathibitisha sayari 301 kwa mpigo, nazo zote zilikuwa zimelala kwenye data za zamani.

Mashine hii inajifunza kama kijana mgeni kwenye uchambuzi wa kahawa huku Kilimanjaro, hapewi kitabu, anapewa rundo zuri na rundo baya na mzoefu, anaangalia na kushika mpaka jicho lake linakubali, na kama mzoefu alichanganya marundo basi kijana naye ataharibika hivyo hivyo.

Marundo yetu yako NASA Exoplanet Archive. Ingia kwenye tovuti yao, tafuta jedwali la KOI (ishara za Kepler zinazoshukiwa kuwa sayari) linaloitwa cumulative, daunlodi kama CSV. Lina ishara zaidi ya 9,000, kila moja imeandikwa CONFIRMED (imethibitishwa), FALSE POSITIVE (sio sayari) au CANDIDATE (bado haijaamuliwa). Lipandishe kwenye Colab ulipe jina koi.csv, alafu:

import pandas as pd
df = pd.read_csv("koi.csv", comment="#")
zote = df.copy()
df = df[df.koi_disposition.isin(["CONFIRMED", "FALSE POSITIVE"])]
safu = ["koi_period", "koi_duration", "koi_depth", "koi_prad", "koi_model_snr", "koi_steff", "koi_srad"]
df = df.dropna(subset=safu)
X = df[safu]
y = (df.koi_disposition == "CONFIRMED").astype(int)

Hapa nakuomba usome taratibu. Kwenye lile jedwali kuna safu zinaanza na koi_fpflag, kuna koi_score, kuna koi_pdisposition na kepler_name. Usiziguse. Hizo ni alama zilizowekwa wakati wa kuamua hii ni sayari au sio, na jina la Kepler linapewa sayari ikishathibitishwa, kwaiyo ukiipa modeli hizo umeipa majibu ya mtihani. Itapaa mpaka karibu asilimia 99 na haitakuwa imejifunza chochote kuhusu mpito. Mitandaoni kuna notibuku nyingi sana za namna hii zinasifiwa, na mimi inaniuma kwasababu kijana anazikopi anaamini amefika.

Kitu cha pili, nyota moja inaweza kuwa na sayari tatu nne, kwaiyo ukigawa data ovyo sayari moja ya nyota inaenda kwenye mafunzo na ndugu yake anaenda kwenye mtihani, na modeli inamtambua kwa sura ya nyota. Gawa kwa nyota:

from sklearn.model_selection import GroupShuffleSplit
from sklearn.ensemble import RandomForestClassifier
from sklearn.metrics import classification_report
g = GroupShuffleSplit(n_splits=1, test_size=0.2, random_state=7)
a, b = next(g.split(X, y, groups=df.kepid))
m = RandomForestClassifier(n_estimators=300, class_weight="balanced", random_state=7)
m.fit(X.iloc[a], y.iloc[a])
print(classification_report(y.iloc[b], m.predict(X.iloc[b])))

Random forest ni miti mingi ya maamuzi inayopiga kura. Sio mtandao wa nyuro na haina sifa mjini, lakini inafundishika kwa sekunde chache na unaweza kuiuliza ni safu gani iliyoitumia zaidi, kwaiyo mimi naipendekeza kwa kila anayeanza. Ikikosea, toa zile ilizokosea uziangalie moja moja kwa macho, hapo ndo shule ilipo. Utakuta nyingi ni zile zile zinazokusumbua hata wewe.

Ile namba inayodanganya

Kuna seti nyingine ya data iko Kaggle, tovuti ya kushirikishana data na mashindano, maarufu kwa wanafunzi, ina grafu za mwanga zenyewe, faili la mafunzo lina nyota 5,087 na kati ya hizo zenye sayari ni 37 tu. Faili la mtihani lina nyota 570, zenye sayari 5. Sasa fikiria modeli ya kijinga inayosema hapana kwa kila nyota bila hata kuangalia. Itapatia 565 kati ya 570, asilimia 99.1, na haijapata sayari hata moja. Mtu akikuletea asilimia 99 kwenye data hizi muulize swali moja, sayari 5 umekamata ngapi?

Kwaiyo kwenye ripoti yako angalia vitu viwili. Recall inakwambia kati ya sayari za kweli umezikamata kiasi gani, precision inakwambia kati ya ulizoziita sayari ngapi ni sayari kweli. Ukivuta moja nyingine inashuka. Kwenye uwindaji mimi nachagua recall, bora nikague waongo kumi kwa mkono kuliko kuiacha sayari moja ipite, ila kama unataka kutangaza kuwa kitu kimethibitishwa hapo precision ndo bosi.

Na ukumbuke kwamba hata lebo zenyewe, yaani yale majibu tuliyoipa modeli, zina upendeleo. Zilizothibitishwa ni zile ambazo watu waliweza kuzithibitisha, nyota angavu, mashimo yaliyo wazi, vipindi vifupi. Modeli itazipenda za namna hiyo. Sayari ndogo yenye mzunguko wa mwaka mzima kama wetu itapewa alama ndogo hata kama ni ya kweli.

Ukitaka mtandao wa nyuro

Ukishamaliza hayo yote, sio kabla, nenda kwenye mtandao wa nyuro unaosoma grafu yenyewe badala ya namba za jedwali. Ule wa Shallue na Vanderburg unaitwa AstroNet na programu yake iko wazi. Ulikuwa unaangalia kila ishara kwa macho mawili: picha ya mzunguko mzima iliyokunjwa ikawa pointi 2,001, na picha ya karibu ya mpito wenyewe ya pointi 201. Ukikumbuka tulichosema juu ya waongo utaelewa kwanini. Picha pana inaona lile shimo la pili katikati ya mzunguko, picha ya karibu inaona U au V. Yaani wamechukua macho ya mkaguzi mzoefu wakayajengea mashine. Jenga wa kwako mdogo kwa TensorFlow au PyTorch, maktaba za Python za kujengea mitandao hii, tabaka chache za konvolusheni za mwelekeo mmoja (Conv1D) zinatosha, na kwenye Colab badilisha mpangilio utumie GPU, chipu inayopiga hesabu nyingi kwa pamoja, la sivyo utakesha.

Ukiwa umefika hapa na unataka kusoma zaidi kwa cheti, kule Tengeru chuo cha Nelson Mandela kinatoa shahada za uzamili na uzamivu za mambo ya kompyuta na mawasiliano, na ujuzi huu wa kuchambua mfululizo wa vipimo ndo ule ule wa data za mvua, umeme na hospitali. Huko angani kwenyewe kazi ni nyingi. Roboti Perseverance iliyotua Mars Februari 2021 inajichagulia njia yenyewe kati ya mawe, maana ishara ya redio kutoka huku inachukua dakika 3 mpaka 22 kufika kutegemea sayari zimekaaje, huwezi kuiendesha kama gari. Na darubini ya Vera Rubin kule Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, imejengwa kutuma taarifa za mabadiliko angani mpaka milioni 10 kwa usiku mmoja. Nani atazisoma zote bila mashine?

Kwenda kwenye data mpya

Kepler imeshachambuliwa na wengi, TESS bado inaendelea kumwaga. Modeli uliyoifundisha kwa Kepler usiipeleke TESS kama ilivyo. Pikseli moja ya TESS inafunika eneo la anga pana kuliko ya Kepler mara tano kwa kila upande, kwaiyo mwanga wa nyota majirani unachanganyika na wale nyota mbili waongo wanaingia kwa wingi kutoka pembeni. Tena kipande cha siku 27 kinamaanisha sayari ya mzunguko wa siku 20 utaiona mara moja au mbili tu, na BLS inahitaji marudio. Fundisha upya kwa lebo za TESS, jedwali la TOI, ndugu wa KOI kwa upande wa TESS, liko pale pale Exoplanet Archive.

Kabla ya hapo jiunge na Planet Hunters TESS kwenye Zooniverse, tovuti ambapo watu wa kawaida wanasaidia utafiti. Ni bure, unaonyeshwa grafu unaweka alama panapoonekana mpito, na watu wa kawaida wameshapata sayari humo ambazo programu zilizipita, hasa zile za mpito mmoja. Kwa kufundisha macho hakuna mahali pazuri zaidi.

Siku ukiona kitu kwenye TESS ambacho unadhani ni kipya, tulia. Andika namba ya TIC ya nyota (namba yake kwenye orodha ya nyota za TESS), sekta (kile kipande cha anga cha siku 27), kipindi, muda wa mpito wa kwanza, kina, na hifadhi grafu iliyokunjwa. Kagua zile hila zote za juu, zamu za kwanza na za pili, shimo la katikati, hesabu ya kipeuo. Tafuta hiyo namba kwenye orodha ya TOI na kwenye ExoFOP, tovuti ambako wanasayansi wanafuatilia ishara hizi, kama kuna mtu ameshaiweka. Kama haipo ipeleke kwenye jukwaa la majadiliano la Planet Hunters ukiwa na grafu na namba zako, wanasayansi wa mradi wanapita humo. Wao ndo wenye uwezo wa kuomba muda kwenye darubini za ardhini, kama ile ya La Silla Chile yenye kipimo cha HARPS kinachopima nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari yake, na sayari ikishathibitishwa ndo jina lake linaandikwa.